Jozi Moja ya Makubazi

Koplo Jaribu aliufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Bi Inspekta, dada wa launji anauliza yale makubazi ayapeleke wapi."

"Makubazi gani?"

"Hayo hayo. Anasema yamekaa kabatini kwao wiki mbili na ushei."

Inspekta Mwatum hakuinua kichwa. Alikuwa akitoboa karatasi za jalada la kifo cha Mwanawema ili azifunge kwa uzi, na kazi hiyo aliipenda kuliko zote, kwa sababu akifika hapo kazi nyingine zimekwisha. Kesho saa mbili asubuhi jalada lingekuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Suhaib, dereva wa tajiri Nizar Hashil, miaka ishirini na sita, angeshtakiwa kwa kumgonga Mwanawema kwa gari la tajiri wake kando ya barabara ya Ole, akiwa na kapu lake la muhogo, na kukimbia akamwacha pale pale. Kilichobaki ni nakala yenye muhuri ya kitabu cha wageni cha launji moja, kile chumba cha kupumzikia abiria wenye hadhi, katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Jaribu alipiga simu kuulizia nakala hiyo. Hakuulizia viatu.

"Nipe hiyo simu," alisema Mwatum.

Msichana wa upande wa pili aliitwa Jawaher, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefundishwa kutokasirika. Jumamosi ile, alieleza, mzee wa kanzu aliyeingia kwa kadi ya Bwana Nizar alivua makubazi yake mlangoni kwa kuwa ndani kuna zulia. Mfagiaji alidhani yamesahauliwa, akayaondoa. Mzee alipotoka hakuyaona, wala hakuuliza.

"Akatoka pekupeku?"

"Pekupeku, dada. Tulisema akirudi safari tutampa."

"Jozi ngapi?"

"Moja tu."

"Na mwenye kadi, Bwana Nizar, ulimwona kwa macho yako?"

"Kitabu kinasema mwenye kadi na mgeni mmoja, saa nne na nusu asubuhi."

"Sikukuuliza kitabu."

Sauti ya Jawaher ikashuka. "Siku ile kulikuwa na watu wengi, afande. Kadi ilikuwa halali. Nyuso siwezi kuzikumbuka."

Hakusema uongo, na ukweli pia hakuusema. Mwatum alimshukuru, akamwambia ayahifadhi makubazi, akarudisha simu na kuitafuta ile karatasi ndani ya jalada.

Ilikuwa karatasi nzuri. Nizar aliituma kwa barua pepe kutoka Makka siku ile ile alipopigiwa simu, ikiwa na nembo ya dhahabu ya shirika la ndege lililompa kadi, tarakimu nne za mwisho za kadi yenyewe, tarehe, saa, na mstari usemao: Mwenye kadi 1, Mgeni 1. Mwanawema aligongwa saa tatu na nusu asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa Ole saa tatu na nusu hawezi kuwa Dar es Salaam saa nne na nusu. Chini yake Mwatum alikuwa ameandika kwa mkono wake: Nimejiridhisha kuwa Nizar Hashil hakuwapo kisiwani wakati wa tukio.

Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi Mwatum alikuwa amekataa ushahidi wa masheha, wa madaktari na wa shemeji yake mwenyewe. Karatasi ya chumba ambacho hajawahi kukitia mguu aliikubali kabla chai haijapoa. Aliona haya kulikumbuka hilo, na alilikumbuka lote.

"Jaribu, umchukue babako mahali pasipovuliwa viatu, yeye hapajui, umwone anainama kuvua. Utafanyaje?"

"Ntamwambia asivue."

"Asisikie?"

"Ntamshika nkono." Jaribu alicheka kidogo. "Ntaona haya, lakini ntamshika."

"Nizar kazi yake kusafiri. Launji anazijua kama jikoni kwao. Mzee Khatib, huyo mgeni aliyempeleka umra, ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Basi mwenyeji wake alikuwa anatazama wapi mzee alipovua makubazi? Na alipotoka hana kitu miguuni?"

"Labda alikuwa anaongea na simu."

"Pengine," alisema Mwatum. Neno hilo alilisema ili lisemwe na mtu, kwa kuwa mawakili wangelisema.

Alimfungulia Jaribu maelezo ya Suhaib, ukurasa wa sita, akamtaka asome kwa sauti. Jaribu alisoma. Suhaib, ambaye ni mtoto wa huyo huyo Mzee Khatib, aliwapeleka baba yake na Bwana Nizar uwanja wa ndege wa kisiwani saa moja na nusu asubuhi. Baba alishuka na mkoba wake. Bwana Nizar hakushuka. Alisema ana mpaka wa shamba wa kuutazama Ole, atasafiri na ndege ya mchana, akachukua usukani na kumruhusu Suhaib aende zake Wingwi kutazama ng'ombe aliyemtaka. Jioni Suhaib alilikuta gari uani kwa Nizar, taa moja imevunjika. Usiku haujaingia, polisi wakamkuta analifuta vumbi.

Mwatum alikuwa amemuuliza Suhaib habari hiyo mara nne. Mara ya nne alimcheka. "Bwana Nizar ana mabawa?" alimwambia, na Suhaib akaacha kujibu.

"Wingwi nlikwenda mimi," alisema Jaribu. "Mwenye ng'ombe anakumbuka kijana kaja, hakumbuki kama Jumamosi au Jumapili."

"Najua. Na orodha ya ndege ya asubuhi ina jina la Nizar. Imechapwa lini?"

Jaribu aliitazama pembe ya karatasi. Akaitazama tena. "Ijumaa saa kumi na moja jioni."

Kwa hiyo ilikuwa orodha ya walioagiza viti, siyo ya waliovikalia. Maandishi hayo yalikuwa mle ndani ya jalada siku zote kumi na saba, madogo lakini yanasomeka.

"Piga simu uwanjani. Nataka orodha ya ndege ya mchana."

Jibu lilichukua dakika ishirini. Ndege ya saa nane ilibeba abiria kumi na mmoja, na Nizar hakuwamo. Mmoja alikuja akiwa amechelewa, akakata tiketi mlangoni, akaandikwa kwa jina moja: Hashil. Ni jina la baba yake Nizar. Pia ni jina la kinyozi wa Gombani, la mwalimu mkuu mmoja, na la nusu ya wauza nguo wa Chake Chake. Wakili angelipangusa jina hilo kwa leso.

"Chukua ufunguo wa gari," alisema Mwatum. "Twende Ole kwa mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Huyu hapa kwenye karatasi. Mgeni mmoja."

Mzee Khatib alikuwa mtunza shamba la mikarafuu la kina Nizar kwa miaka arobaini, tangu Nizar yuko tumboni mwa mama yake. Umra hiyo alipewa na Nizar kama shukurani, na kisiwa kizima kiliisifu. Walirudi pamoja Jumamosi iliyopita. Nizar alikuwa nyumbani kwao Chake Chake akipokea watu, na kesho mchana angeondoka kurudi kwenye kazi zake Maskati.

Walifika saa kumi na moja jioni. Mzee alikuwa amekaa jamvini barazani, mwembamba, kofia mpya ya Makka kichwani na kandambili za buluu miguuni.

"Shikamoo, mzee. Allah aikubali umra yako."

"Marahaba. Amin, amin." Amin ya pili ilitoka chini chini.

Binti yake, Mwanamize, alileta sinia kama anavyoletewa kila anayekuja kumwamkia mtu aliyetoka Makka: tende, na vikombe vidogo vya maji ya zamzam. Mwatum na Jaribu walikunywa. Mzee hakugusa.

"Baba kafunga," alisema Mwanamize, na uso wake haukupendezwa. "Siku ya tatu leo. Nkimuuliza funga gani, hasemi."

Mwatum alihesabu moyoni. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Mwezi ulikuwa mfungo tano, hauna sita za kufuatisha Ramadhani, hauna Arafa wala Ashura. Mtu wa sunna angefunga Jumatatu na Alhamisi. Alikitua kikombe taratibu.

"Mzee, nimekuja kukuuliza habari ya kadi."

"Kadi ipi? Ya chama au ya kura? Ya kura anayo Mwanamize, kaificha."

Mwaka kabla ya uchaguzi, polisi akitaja kadi Pemba, watu hawana nyingine wanayoifikiria. Jaribu aliuma mdomo asicheke.

"Ya ndege. Ile aliyokupa Bwana Nizar uingilie launji."

Tasbihi ilisimama mkononi mwa mzee. Alimtuma Mwanamize akatazame jiko, akangoja hadi mlango ufungwe, na aliposema, alisema mbio kama aliyekuwa akingoja kuulizwa kwa siku nyingi.

"Nlikula, Bi Inspekta. Sikatai. Nlikula wali, kuku, na kile kitu cheupe cha maziwa nlikula mara mbili. Tumbo lilikuwa tupu tangu alfajiri. Yule dada kanambia kila kitu bure, babu, jisikie nyumbani. Basi nkajisikia. Nakwenda nyumba ya Mola na tumbo la haramu. Kule nlilia kuliko wote, watu wakadhani n'na imani."

"Haramu ya nini? Bwana Nizar hakukupa kadi kwa ridhaa yake?"

"Kanipa. Lakini mlangoni yule dada alinambia mgeni haingii bila ya mwenye kadi."

"Ukamwambiaje?"

Jaribu alifungua daftari, Mwatum akamwashiria alifunge.

"Uliapa nini, mzee?"

"Nani kakwambia nliapa?"

"Wewe, siku tatu hizi. Mtu akivunja kiapo, au akiapa uongo, alishe masikini kumi au awavike. Asipokuwa na cha kuwalisha, afunge siku tatu. Na mimi nilisoma chuoni, hapa hapa Ole."

Mzee Khatib aliziinamia kandambili zake. "Nlimwambia wallahi, mwenyewe yu nyuma yangu anakuja. Akaandika wawili, kanipisha. Nikavua viatu nkaingia. Kila mlango ukifunguliwa nageuka, pengine Mola atanihurumia amlete, kiapo kiwe kweli."

"Na makubazi yako?"

"Nlipokwenda kutafuta pa kusali, siyaoni. Nikasema haya ndo malipo, sikuuliza. Nikakaa pekupeku hadi saa kumi, Bwana Nizar akaja, akatazama miguu yangu, akanin'nunulia hizi."

"Akaja kutoka wapi?"

Mzee alifumba mdomo. Alilijua neno lililomtoka, na alimtazama Mwatum kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Nisamehe," alisema Mwatum, na aliomba kweli. "Lakini nakuuliza. Saa kumi alikuja kutoka wapi?"

"Hapo sitii neno. Kuna kiapo cha pili. Cha kwanza nliapa uongo, nnakilipa. Cha pili nliapa nisimwambie ntu, na bado kizima. N'jambo la kadi tu, mwanangu. Kadi haiazimwi. Halina madhara na ntu."

"Nani alikwambia halina madhara?"

"Aloniapisha."

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akipura mbaazi. Mwatum alisikiliza vipigo vitatu vinne. Sheria ilimkataza kumtia shahidi maneno mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alitamani kuivunja.

"Suhaib umeshamwona?"

"Sijamwona. Nlikuja kituoni Jumapili asubuhi, nkaambiwa haonwi na ntu hadi jalada likamilike. Nikasema sawa." Alivuta punje moja ya tasbihi. "Wananambia kamgonga Mwanawema. Mwanawema kanifundishia wajukuu zangu kusoma, Bi Inspekta. Nikasema Khatib, hili umelileta weye. Umekula kwa jina la ntu, Mola kakulipa kwa mwanao."

"Aliyesema asionwe ni mimi," alisema Mwatum.

Mzee alimtazama.

"Ni mimi. Na mengine pia ni mimi. Sikiliza, nitakusomea alichosema mwanao. Sitakwambia wewe useme nini."

Alisoma ukurasa wa sita polepole, hadi kwenye ng'ombe wa Wingwi na taa iliyovunjika. Kisha akaitoa karatasi ya launji na kumwekea mzee magotini. Nembo ya dhahabu iling'aa. Mzee aliigusa kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo iliyomfunga," alisema Mwatum. "Bwana Nizar alinitumia mimi. Inasema saa nne na nusu yeye alikuwa launji na mgeni wake, kwa hiyo hakuendesha gari Ole, kwa hiyo mwanao mwongo. Mwenye kadi mmoja, mgeni mmoja. Mgeni ni wewe. Duniani hakuna mwingine anayejua kama mle ndani mlikuwa wawili."

"Kanambia n'jambo la kadi," mzee alisema tena. Safari hii hakumwambia mtu yeyote. Jaribu aligeuza uso akatazama barabara.

Mzee aliokota tende moja kwenye sinia, akaishika tu. Aliuliza kama Mwanawema aliteseka. Mwatum alimwambia ukweli, kwamba aliishi hadi adhuhuri, na kwamba angalisimama aliyemgonga, daktari alisema angalipona. Mzee alitikisa kichwa mara nyingi.

"Nlimbeba Nizar huyu mgongoni," alisema. "Homa ya mbu, mvua inanyesha, kutoka shamba hadi spitali ya Chake."

"Nimesikia."

"Basi mjue. Msije mkasema Khatib hana shukurani."

Adhana ya Magharibi ilipanda kutoka msikitini. Mzee alisoma dua yake, akala ile tende, akanywa zamzam mafunda matatu. Alivua kandambili, akazipanga vizuri ukingoni mwa jamvi, akaingia ndani kusali. Hakusema kama atarudi. Jaribu aliitazama saa, akafungua mdomo, Mwatum akamwambia anyamaze.

Yeye mwenyewe alilifungua jalada magotini. Kanuni za kazi hazimruhusu mpelelezi kufuta alichoandika. Anapiga mstari mmoja juu ya maneno, yaendelee kusomeka, kisha anatia saini na tarehe pembeni. Alipiga mstari juu ya "Nimejiridhisha". Neno lenyewe lilimuuma. Hakuridhishwa na kitu siku ile, alijiridhisha mwenyewe, na Kiswahili kilimwambia hivyo tangu siku ya kwanza. Alitia saini.

Mzee Khatib alirudi barazani, akasimama mlangoni akiita ndani.

"Mwanamize! Leo niamshe daku."

"Daku tena, baba? Si umemaliza tatu zako?"

"N'na tatu nyengine. Kesho, keshokutwa na mtondo."

Alikaa, akaikunja kanzu vizuri chini ya magoti, akamgeukia Jaribu badala ya Mwatum, kwa kuwa Jaribu ndiye mwenye daftari. "Haya, andika. Mie Khatib Makame wa Ole, nliingia peke yangu. Bwana Nizar nliachana naye uwanja wa kuno kwetu, yuko garini. Nlimwona tena saa kumi. Andika na yale makubazi, maana ndo ya kweli pekee nlofanya siku ile."

Jaribu aliandika kila neno. Alipomaliza alimsomea, na mzee akatia dole gumba. Alipokuwa akilifuta wino kwenye ukingo wa jamvi, macho yake yaliangukia ukurasa uliokuwa wazi magotini kwa Mwatum, mstari mpya na saini yenye wino mbichi.

"Hilo umelikata leo?"

"Leo. Niliandika na kutia saini kitu ambacho sikukijua."

Mzee alifikiri, bila ubaya wowote usoni, kama anayeulizwa suala la dini na anayetaka kulijibu sawasawa.

"Na weye, Bi Inspekta," alisema, "kafara yako siku ngapi?"

Mwatum alilifunga jalada. Suhaib alikuwa na siku kumi na saba ndani, na kituo kilikuwa nusu saa kwa gari.

"Panda garini, mzee," alisema. "Ukamwone mwanao. Kisha nipite Chake Chake, kwa mwenye kadi."